Maswali ya Wasomaji: Chumba cha Samaki Nyumbani

Barua tulizochagua mwezi huu zinatoka kwa wafugaji wa samaki wa mapambo ambao wamekwisha kulizoea tangi moja la sebuleni, na sasa wanataka kutenga chumba kizima kwa ajili ya matangi kadhaa. Nimezijibu kwa mfuatano ambao ningeufuata mwenyewe kama ningekuwa ninaanza leo.

SWALI: Ndugu mwandishi, salamu nyingi. Mimi ni mstaafu, na watoto wangu wamekwisha kuhama nyumbani. Nina chumba kitupu ambacho ningependa kiwe na matangi 12, kila moja la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Nimepima kuta na kuchora mahali pa kila tangi, na mchoro nimeuambatanisha. Nianze na kitu gani?

JIBU: Mzee wangu, hongera kwa uamuzi huo, na ahsante kwa mchoro. Nimeutazama kwa makini, na ninakuomba uuweke kando kwa siku chache, kwa kuwa umechora mahali pa matangi lakini hukuchora njia ya maji. Tangi la vipimo ulivyotaja hubeba lita 54 likijazwa hadi ukingoni. Matangi 12 ni lita 648, na ukibadilisha asilimia 30 kila wiki, kiasi ambacho si kikubwa hata kidogo, utatoa takriban lita 194 na kuingiza nyingine kama hizo. Kwa ndoo ya lita 10, hizo ni safari 20 za kutoa na 20 za kuingiza, wiki baada ya wiki, hata siku ambayo mgongo unauma. Vyumba vya samaki nilivyoviona vikidhoofu vilianzia hapo: mfugaji huruka wiki moja, kisha mbili, na uchovu wake huwaangukia samaki.

Kwa hiyo amua kwanza maji yataingilia wapi na kutokea wapi. Chumba kidogo kinachopakana na bafu, au chenye tundu la kutolea maji sakafuni, ninakithamini kuliko chumba kikubwa kilicho mbali na bomba. Weka pipa la lita 200 pembeni, ulijaze siku moja kabla, ulitie dawa ya kuondoa klorini, ulipulizie hewa na uliache lifikie joto la chumba. Kisha pampu ndogo ya kuzamishwa majini, yenye mpira mrefu, itayapeleka maji hayo kwenye kila tangi bila wewe kuinua chochote. Kwa kutoa maji, mpira mmoja unaofyonza kutoka tangini na kumwaga moja kwa moja kwenye tundu unatosha. Zingatia kwamba klorini ya kawaida hutoweka maji yakikaa siku nzima huku yakipuliziwa hewa, ilhali kloramini, ambayo baadhi ya mamlaka za maji huitumia, haitoweki kwa namna hiyo. Chagua dawa inayoeleza wazi kwamba inashughulikia vyote viwili. Wapo wanaotoboa kila tangi na kuliunganisha na bomba la kutolea maji ili yanayozidi yajimwage yenyewe. Ni kazi nzuri ikifanywa na fundi anayejua vioo, mradi ahakikishe kwanza kwamba kioo hakikuimarishwa kwa joto, maana kioo cha aina hiyo husambaratika mara tu kinapoguswa na keekee.

Baada ya maji, uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kichanja cha safu tatu chenye matangi mawili kila safu kitabeba kilo 324 za maji, kilo 60 na zaidi za kioo, na mchanga juu yake. Hesabu zaidi ya kilo 400 zinazokaa kwenye eneo lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 30 tu. Sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi hubeba mzigo huo bila shida. Sakafu ya mbao au ya ghorofa ni lazima ikaguliwe na mtu wa ujenzi, na vichanja viegemezwe kwenye ukuta unaobeba nyumba, vikikatisha boriti nyingi badala ya kukaa juu ya boriti moja. Tumia pimamaji kwenye kila safu kabla ya kupandisha tangi, na chini ya tangi lisilo na fremu utandike karatasi ya povu gumu, kwa sababu punje moja ya mchanga iliyobanwa kati ya kioo na ubao inaweza kukipasua kioo miezi mingi baadaye. Acha angalau sentimita 25 kati ya ukingo wa tangi na safu iliyo juu yake. Katika mchoro wako umeacha 12, na mkono ulioshika wavu hautapita hapo.

SWALI: Mpendwa mwandishi, je, ninapaswa kununua kichujio na hita kwa kila tangi? Ninapanga matangi manane, na ninaogopa wingi wa nyaya za umeme karibu na maji. Mama wa watoto watatu.

JIBU: Dada yangu, hofu yako ina msingi, na inakuelekeza mahali pazuri. Kwa chumba chenye matangi mengi madogo, hakuna kichujio ninachokiamini kuliko kile cha sponji kinachoendeshwa kwa hewa. Hakina waya, hakimezi vifaranga, na pampu moja kubwa ya hewa inaweza kuendesha vichujio vyote vinane kupitia bomba la plastiki linalozunguka chumba juu ya matangi, lenye valvu ndogo kwa kila tangi. Valvu hizo ni za lazima, kwa sababu hewa hukimbilia mahali penye upinzani mdogo, na tangi lenye maji ya kina kifupi litapora hewa ya jirani yake lisipodhibitiwa. Sponji zenyewe zikamuliwe ndani ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba, kwa kuwa klorini huua bakteria wanaofanya kazi yote ya kusafisha.

Pampu hiyo iwekwe juu kuliko usawa wa maji ya tangi la juu kabisa. Miaka ya nyuma niliiweka yangu sakafuni kwa kuwa ilikuwa inanguruma. Umeme ukakatika usiku, na maji yakarudi nyuma kupitia kijimpira chembamba kama penseli, tone kwa tone. Asubuhi nilikuta tangi limepungua hadi usawa wa mdomo wa sponji, na pampu imekaa katikati ya dimbwi. Samaki walipona. Pampu haikupona, na ingekuwa imeunganishwa bado na umeme unaorudi, huenda mambo yangekuwa mabaya zaidi. Valvu isiyoruhusu maji kurudi ni kitu kidogo sana. Weka moja kwenye kila kijimpira, hata kama pampu iko juu.

Kuhusu joto, ukiwa na matangi zaidi ya sita hivi katika chumba kimoja, pasha joto chumba chenyewe ikiwa hali ya hewa yako inahitaji. Safu ya juu itakuwa na joto kuliko ya chini kwa nyuzi kadhaa, na tofauti hiyo ni faida: wapenda joto waende juu, na wanaostahimili baridi wakae chini. Mahali penye joto jingi tatizo hugeuka, kwa kuwa maji ya nyuzi 25 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, nayo ya nyuzi 30 hubeba takriban 7.6 tu, wakati samaki mwenye joto anahitaji oksijeni zaidi. Hapo feni na hewa nyingi zitakusaidia kuliko kifaa kingine chochote.

Umeme: soketi ziwe juu ukutani, mbali na michirizi, kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni, na sakiti yote ya chumba ilindwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Kazi hii apewe fundi umeme. Usikubali kuahirisha.

Jambo ambalo hukuliuliza, lakini litakufikia, ni unyevu. Matangi manane yasiyofunikwa huvukiza maji usiku na mchana, na baada ya miezi michache utaona madoa meusi ya ukungu kwenye pembe za dari. Funika kila tangi kwa kioo, paka kuta rangi inayostahimili unyevu, na uweke feni ya kutolea hewa nje.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Nina umri wa miaka 19. Nilijaza matangi manne kwa siku moja, nikayaweka mawe ya chokaa, na kesho yake nikaingiza mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Wiki haijaisha, nao wameanza kufa wakihema juu juu, ingawa maji yanang'aa kabisa. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Ninajua inavyoumiza kumkuta samaki aliyekuwa anacheza jana amelala ubavu. Maji yanayong'aa yanaweza kuwa na sumu isiyo na rangi wala harufu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki huiongeza kinapooza. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji na mchanga huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi utakapobadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Wewe uliwapa siku moja.

Mawe ya chokaa ni sahihi kwa mbuna, kwa kuwa wanapenda maji magumu yenye pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ya karibu 8, lakini pH hiyo ndiyo iliyoharakisha vifo. Amonia huwa na sura mbili majini, na sura iliyo kali zaidi huongezeka pH inapopanda: kwa nyuzi 25, kwenye pH 7 haifiki asilimia 1 ya amonia yote, kwenye pH 8 ni takriban asilimia 5, na kwenye pH 9 hupita theluthi moja. Kosa lile lile kwenye maji yenye pH 7 lingekupa muda wa kulitambua.

Sasa fanya hivi. Usiwalishe leo wala kesho. Badilisha nusu ya maji kila siku kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalolingana, upime amonia na nitriti kila asubuhi, na uendelee hadi vyote viwili visome sifuri kwa siku kadhaa mfululizo bila wewe kubadilisha maji. Ikiwa kuna mfugaji unayemwamini ambaye samaki wake ni wazima, mwombe sponji iliyotumika. Kuiweka tangini mwako ni sawa na kuhamisha kundi zima la bakteria. Kwa matangi yajayo, sponji mpya zikae ndani ya tangi la zamani kwa wiki kadhaa kabla hujazihitaji. Mimi huwa na sponji tatu za ziada kwenye tangi langu kubwa wakati wote.

SWALI: Rafiki yangu ananishauri niunganishe matangi yangu kumi kwenye kichujio kimoja kikubwa ili nisafishe kimoja tu. Unaonaje?

JIBU: Rafiki yako anasema kweli kuhusu urahisi, na kama samaki wako wote wanatoka chanzo kimoja na huongezi wapya, mfumo huo unaweza kukufaa. Kwa mfugaji anayenunua na kubadilishana samaki, ninaupinga. Ugonjwa wa madoa meupe unatosha kuwa mfano. Doa unaloliona, kama punje ya chumvi kwenye ukingo wa mkia, ni kimelea aliyejichimbia chini ya ngozi. Akishiba huanguka chini, hujifunika, na hugawanyika kuwa mamia ya vimelea wanaoogelea wakitafuta samaki mwingine, na dawa za kawaida huwaua wakiwa katika hatua hiyo ya kuogelea tu. Ndani ya matangi yaliyounganishwa, samaki mmoja mgonjwa anawagusa wote kumi.

Tenga tangi moja la karantini, ikiwezekana nje ya chumba hicho, na kila mgeni akae humo wiki 4 hata akionekana mzima kama chuma. Liwe na wavu wake, mpira wake na taulo yake. Ulihudumie mwisho, baada ya mengine yote, kisha unawe mikono. Ukiwa na kidonda mkononi vaa glavu, kwa sababu wapo bakteria wa samaki, hasa Mycobacterium marinum, wanaoweza kuingia kwenye ngozi iliyochanika na kuleta uvimbe unaochukua miezi kupona.

SWALI: Taa ziwake kwa saa ngapi?

JIBU: Saa 8 zinatosha, na zisizidi 10, la sivyo mwani utafunika vioo. Tumia kifaa cha kuzima na kuwasha kwa saa maalumu. Taa ya chumba iwashwe robo saa kabla ya zile za matangi, kwa sababu samaki aliyekuwa gizani hushtuka mwanga unapomwagika ghafla, na katika kukurupuka huko hujigonga kwenye kioo au kuruka nje kupitia uwazi ulioachwa kwa ajili ya mpira wa hewa.