Barua kwa mwanangu: kuhusu kafara za Mikhail Tal

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na nimeisoma mara ya pili nikiwa na ubao wa sataranji mbele yangu. Unaniuliza iwapo Mikhail Tal alikuwa bingwa wa kweli au mtu mwenye bahati tu, kwa kuwa programu ya kompyuta uliyoipa michezo yake imekuonyesha kwamba kafara zake nyingi, yaani kete alizoziachia zilewe kwa makusudi ili apate nafasi ya kushambulia, zilikuwa na dosari, na kwamba wapinzani wake wangemshinda laiti wangejibu ipasavyo. Nitakujibu, lakini kwanza nataka nikueleze hali ya mtu aliyekaa upande wa pili wa ubao, ambaye ameachiwa kete bure na hajui kama amepewa au ametegwa.

Chukua mchezo wa sita wa mechi ya ubingwa wa dunia ya mwaka 1960, iliyochezwa Moscow. Tal, kijana wa Riga, Latvia, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa na kete nyeusi. Mbele yake alikaa Mikhail Botvinnik, mhandisi wa umeme aliyeutwaa ubingwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, mtu aliyejiandaa kwa nidhamu kuliko wote wa zama zake. Katika hatua ya 21 Tal alimtoa farasi wake h5 akamweka f4 (kila nyumba ya ubao huitwa kwa herufi na namba yake), katika nyumba ambayo askari mweupe angeweza kumla bila taabu. Mfalme mweupe hakuwa hatarini, wala hapakuwa na kete yoyote ya kurudisha mara moja. Alichokipata Tal ni kwamba askari wake wa e5 alipohamia f4 kulipiza, mshazari mrefu wa askofu wake wa g7 ulifunguka, na malkia wake akaingia b2. Watazamaji walipiga kelele kiasi kwamba wachezaji walilazimika kuhamishiwa chumba cha ndani.

Baadaye wachambuzi walionyesha kwamba katika hatua ya 25, badala ya kukimbilia kumla malkia, Botvinnik alipaswa kwanza kumla kwa askofu wake yule askari aliyekwisha kufika f3, na kafara yote ingekosa maana. Hakufanya hivyo. Tal alishinda, akawa mbele kwa pointi 4 dhidi ya 2, na mechi nzima akaimaliza kwa 12.5 kwa 8.5. Kwa hiyo programu yako haikukuambia jambo jipya. Dosari ile watu waliijua kabla kompyuta hazijajua kucheza kwa kiwango hicho. Lakini waliigundua wakiwa wametulia, wakisogeza kete na kuzirudisha wapendavyo, ilhali Botvinnik alikuwa na saa mbili na nusu kwa hatua 40, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa ameshautumia. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo, na sitachoka kukwambia: sataranji huchezwa na mtu mbele ya mtu, na saa inatembea.

Usidhani kwamba Tal mwenyewe alikuwa ameona yote. Alikuwa na kisa alichopenda kukisimulia, cha mchezo wake na Evgeni Vasiukov katika mashindano ya ubingwa wa Muungano wa Kisovyeti. Alikuwa akifikiria kumtoa farasi wake kafara, na hesabu zikazidi kuongezeka hadi zikamchanganya, mara akakumbuka shairi la watoto linalosema jinsi ilivyo kazi ngumu kumvuta kiboko kutoka kwenye kinamasi. Akaanza kuwaza kamba, wenzo, hata helikopta, na alipoona hakuna njia akaamua kiboko na azame. Papo hapo ubao ukamrudia, akamtoa farasi kwa hisia tu, akashinda. Kesho yake akasoma gazetini kwamba Tal alikuwa amefikiri kwa dakika 40 na kukokotoa kafara yake kwa usahihi mkubwa. Mimi kila nikikikumbuka kisa hiki hucheka, kisha nakasirika kidogo, kwa sababu namkumbuka mjomba wako.

Unaujua ule mchezo. Umeusikia kwa mjomba wako, naye huusimulia apendavyo, kwa hiyo ngoja nikueleze mimi. Tulikuwa tunacheza kwa saa, kwenye ule ubao wetu ambao ngome moja nyeupe ilikuwa kifuniko cha chupa, na mimi nilikuwa na askari mmoja zaidi, mfalme wangu yuko salama, kila kete imelindwa. Akamchukua askofu wake akamla naye askari wa h7 aliyekuwa mbele ya mfalme wangu. Akaegemea kiti. Hakuniangalia mimi, aliangalia saa yangu. Nikamla yule askofu, kwa maana sikuona kwa nini nisimle, na kuanzia hapo kila hatua yake ilinitaka nijibu jambo ambalo sikuwahi kujiuliza: nimfiche mfalme pembeni au nimtoe katikati, nirudishe kete niliyopewa au niing'ang'anie? Hakuna hata moja kati ya hatua zake iliyokuwa kali ajabu. Kilichonimaliza ni kwamba kila swali lilikuwa jipya, na nilipokaribia kupata jibu lake muda ulikuwa umekwisha. Nilifungwa nikiwa na farasi mzima zaidi yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Baada ya muda niliipata dawa: mfalme wangu alipaswa kupanda g6, mahali panapoonekana pa hatari, na hapo mashambulizi yake yote yangeisha. Nikampelekea ubao, nikampangia kete, nikamwonyesha. Akatazama kwa makini, akakubali kwamba kweli angeshindwa, kisha akasema, "Dada, ungenionyesha siku ile." Mpaka leo neno hilo linaniuma kuliko kushindwa kwenyewe, na mpaka leo sijapata la kumjibu.

Sasa utasema natumia kisa cha mjomba wako kumtetea Tal. Huenda. Lakini mimi nilikuwa upande wa Botvinnik kwenye ubao ule, na ndiyo maana moyo wangu hauendi wote kwa Tal. Mtu anayepanga kete zake kwa uangalifu, akakataa tamaa, akalinda kila nyumba, anastahili kushinda, na kuna kitu ndani yangu kinachokataa kwamba hatua yenye dosari ishinde kwa sababu tu mwenzako amechanganyikiwa. Botvinnik naye alikataa. Mwaka 1961, katika mechi ya marudiano, aliingia akiwa ameisoma michezo ya Tal, akawa anatafuta kubadilishana malkia mapema na kuingia katika mwisho wa mchezo, kete zikiwa zimebaki chache, ambako hakuna vurugu ya kumficha mtu, akamshinda 13 kwa 8. Ni kweli kwamba Tal alikuwa anaugua figo wakati huo, na ugonjwa ule ulimsumbua maisha yake yote. Hata hivyo sidhani kwamba ugonjwa peke yake unaeleza matokeo yale. Maswali yake yalikuwa yamepata mtu aliyekwenda nyumbani kuyatafutia majibu.

Hapo ningeishia, ningekuandikia kwamba programu yako imesema kweli. Lakini ipo miaka ya 1973 na 1974, ambapo Tal huyo huyo alicheza michezo 95 ya mashindano mfululizo bila kupoteza hata mmoja, na rekodi hiyo haikuvunjwa na mchezaji wa ngazi ya juu kabisa hadi mwaka 2018, na Mchina Ding Liren. Mbahatishaji hachezi michezo 95 dhidi ya wakubwa asipoteze. Wakati huo alikuwa amejifunza kungoja, kutetea, kukubali sare inapofaa, na kafara zake zilikuja zikiwa zimekomaa. Lakini mbona basi watu hawaihusudu michezo ile kama wanavyoihusudu ile ya miaka ya 1957 hadi 1960, iliyojaa dosari? Mwaka 1959 mpinzani wake Pal Benko alivaa miwani ya giza alipocheza naye, ili macho ya Tal yasimzuge. Tal naye akatoa mfukoni miwani mikubwa kupita kiasi akaivaa, ukumbi mzima ukacheka, kisha akashinda. Miwani haina hesabu yoyote ndani yake, na programu yako haiwezi kuipa alama. Mtu mbele ya mtu, na saa inatembea.

Unataka niseme basi: alikuwa sahihi au hakuwa sahihi? Ulimi unaniwasha kukujibu, na ningekuwa nimeshindwa na kafara moja pungufu maishani mwangu ningekwisha kujibu. Badala yake fanya hivi. Zima programu. Panga ule mchezo wa sita kuanzia hatua ya 22, shika kete nyeupe, mwombe mwenzako mwenye nguvu kama zako ashike nyeusi, wekeni saa, na mcheze bila kurudisha hatua. Kisha uniandikie ulichokula katika hatua ya 25, na ulibakiwa na dakika ngapi ulipokula.

Na ukizungumza na mjomba wako, usimwambie kwamba nimesema alicheza vizuri, maana sijasema.

Mama yako