Babu William wa Virginia: mti wa ukoo wa mtandaoni niuchukue?

SWALI: Mume wangu ni Mmarekani wa Missouri. Kwao wanasema babu yao William alizaliwa Virginia, akapigana vita vya uhuru dhidi ya Waingereza, halafu akahamia Kentucky. Nimemkuta mtandaoni kwenye mti wa ukoo unaofika hadi kwa lodi mmoja (mtu wa cheo cha kitemi) Uingereza. Niuchukue tu?

JIBU: Dada yangu, usiuchukue. Hili naliona kila wiki na linaniudhi kweli, mtu akikuta jina limefanana basi keshapata babu. Virginia ya 1780 akina William walikuwa wamejaa, kaunti moja unawakuta watatu wa ukoo mmoja, na sensa za kabla ya 1850 ziliandika jina la mkuu wa kaya peke yake, sasa huyo aliyechora mti alijuaje ni yupi? Utaambiwa miti kibao inasema hivyohivyo, kumbe wote wamenakili kwa mmoja.

Tafuta faili la pensheni la askari wa vita hivyo vya uhuru. Sheria ya 1832 iliwapa pensheni hata wanamgambo waliotumikia miezi sita, na mzee alisimama mahakamani akaulizwa ulizaliwa wapi, ulikuwa unaishi wapi ulipoitwa vitani, na baada ya vita umekaa wapi na wapi. Yaani safari nzima ya Virginia mpaka Kentucky anaisema mwenyewe! Wajane nao walitakiwa wathibitishe ndoa, wengine wakachana kabisa kurasa za Biblia ya nyumbani zenye tarehe za watoto wakazituma, na mpaka leo zimo humo kwenye mafaili. Hifadhi ya Taifa ya Marekani imeyaweka mtandaoni bure. Ila anza kwa mume wako urudi nyuma kizazi kwa kizazi, usianzie kwa William ukashuka. Na hati ya ardhi ya kijeshi, yaani ya ardhi waliyopewa askari kwa kutumikia vitani, isikudanganye ukadhani aliishi hapo, wengi waliziuza bila kukanyaga hiyo ardhi.

Kuhusu lodi, hapo ndipo matapeli wanapokula. Gustave Anjou aliwauzia matajiri wa Marekani koo za kubuni mwanzoni mwa karne ya 20 na mpaka leo watu wananakili uongo wake, halafu kuna hawa wanaouza nembo ya ukoo kwa kuangalia jina tu, wakati Uingereza nembo alipewa mtu na kizazi chake, siyo kila mwenye jina hilo. Akitokea wa kukutafutia babu kwa siku mbili, muulize faili gani, ukurasa gani. Akianza kuzungusha maneno usimtumie hata senti.