Ipe Lugha Kazi Mchezoni

Ukitaka kumziba mdomo mtoto wa miaka minne, msimamishe mbele ya wageni kisha umwambie, "Haya, hebu ongea ile lugha ya bibi tusikie." Atajificha nyuma ya mguu wako, atatia kidole mdomoni, na wageni wataondoka wakiamini hajui kitu. Mwache huyohuyo sakafuni na bibi yake, wajenge nyumba kwa vipande vya mbao, utamsikia akimfokea bibi kwa lugha hiyohiyo kwamba mlango hauwekwi hapo.

Nimefundisha chekechea kwa miaka mingi, katika madarasa ambayo watoto wanakuja na lugha tatu au nne tofauti za nyumbani. Ninachowaambia wazazi na walimu wenzangu ni kimoja: lugha ipewe kazi. Mtoto mdogo haoni kwa nini ajue jina la rangi kwa lugha ya pili. Lakini kama rangi nyekundu ameishika mwenzake, na mwenzake anaelewa lugha hiyo tu, hapo sababu anaiona vizuri sana.

Kwangu kazi hiyo huanza na mwanasesere wa soksi. Ni soksi kuukuu, macho yake ni vifungo viwili visivyolingana, na anajua lugha moja tu. Ukimsemesha kwa nyingine anainamisha kichwa, anajikuna, kisha anamgeukia mtoto wa pembeni kuomba msaada. Watoto wanajua fika kwamba sauti ni yangu, maana midomo yangu wanaiona ikicheza. Hawajali hata kidogo. Wanamtafsiria, wanamwonyesha kwa vidole, wanamkaripia anapokosea. Sharti ni moja, nalo usilivunje: soksi asije siku moja akaelewa lugha zote. Akishaelewa, hakuna tena sababu ya kuhangaika naye.

Kuna mtoto mmoja wa kike aliyekaa darasani kwangu kwa miezi bila kutoa neno. Nyumbani, mama yake aliniambia, alikuwa akiimba nyimbo zetu zote kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku moja wenzake walipotoka nje kucheza, alimchukua soksi, akamkalisha kwenye kiti, akamwambia kwa lugha ya darasani: "Kaa vizuri. Mikono umenawa? Nionyeshe." Ilikuwa sauti yangu tupu, pamoja na namna ninavyokunja uso. Nilijifanya napanga vitabu.

Kimya cha namna hiyo ni cha kawaida kwa mtoto aliyeingia kwenye lugha mpya, na kinaweza kuchukua majuma au miezi. Usimbembeleze aseme wala usimpe zawadi akisema. Tazama mambo mengine: anafuata maelekezo bila kuwaangalia wenzake kwanza? Anacheka mzaha unapotolewa, au anachekea kicheko cha wengine? Mpe nafasi za kushiriki zisizodai maneno. Katika igizo awe mti, awe mvua, ashike pazia, apige ngoma mhusika anapoingia. Kisha aimbe na kundi, ambako sauti yake haisikiki peke yake.

Nyimbo nazo zinasaidia kwa sababu zilizo wazi. Mapigo yanakata neno silabi kwa silabi, kiitikio kinarudia sentensi ileile bila mtu kuchoka, na mikono inaeleza maana. Ila chagua chache na uzirudie mpaka wewe mwenyewe uchoke. Watoto watakuwa ndio kwanza wameanza kuzipenda. Usitafsiri mstari kwa mstari mnapoimba. Mtoto akishagundua kwamba kila mstari utarudi kwa lugha anayoijua, anaacha kuusikiliza ule wa kwanza. Na ukitaka wimbo uleule uwepo katika lugha nyingine, mwombe anayeizungumza nyumbani auimbe anavyoona unakaa vizuri. Tafsiri za neno kwa neno huvunja mapigo, na mapigo yakivunjika hakuna wimbo.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote si yangu. Vivian Paley, mwalimu wa chekechea wa Chicago, alikuwa akimwacha mtoto amsimulie hadithi naye akiiandika kama ilivyosemwa, kisha darasa linaiigiza, mwenye hadithi akiwepo. Katika darasa la lugha nyingi hilo linafungua mambo. Mtoto anasimulia kwa lugha anayoiweza, hata kama ni mchanganyiko, na wewe unaandika mchanganyiko huo bila kuunyoosha. "Simba alikuja. Akalala. Mama akasema basi." Hiyo ni hadithi kamili kwa mtoto wa miaka mitatu. Wanapoigiza, wasiojua lugha ya msimuliaji wanalazimika kumuuliza: simba analalia upande gani? Anakoroma? Mama amekasirika au amechoka? Maswali hayo yanatoka kwa watoto wenyewe, na msimuliaji anayajibu kwa maneno, kwa mikono, kwa kujilaza chini kuonyesha. Kama lugha ya mtoto huijui kabisa, mwombe mzazi aandike asubuhi anapomleta. Dakika tano zinatosha, maana hadithi zenyewe ni fupi.

Kuhusu uchoraji na udongo nitasema machache. Kaa pembeni, fanya na wewe, na uyataje matendo yanapotokea: nakanda, naviringisha, nabana, imepasuka. Vitenzi vinaingia haraka mikono inapovifanya. Swali la "hii ni nini?" liache. Mara nyingi si kitu bado, na mtoto atakutungia jibu ili uondoke.

Wazazi wengi hutaraji skrini iwafanyie kazi hii. Mwaka 2003 Patricia Kuhl, mtafiti wa namna watoto wanavyojifunza lugha, na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa. Waliochezeshwa na kusomewa vitabu na mtu aliye hai kwa Kichina cha Mandarini walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliooneshwa watu walewale kwenye video, au kusikilizishwa sauti tu, hawakujifunza. Watoto wakubwa kidogo wanaweza kuokota maneno kwenye video, sikatai, lakini video haimsubiri mtoto ajibu.

Hofu nyingine ni ya kuchanganya. Mtoto anaanza sentensi kwa lugha moja na kuimalizia kwa nyingine, na mzazi anapiga simu usiku. Tulia. Analiokota neno pale lilipo karibu, kama wafanyavyo watu wazima wenye lugha mbili kila siku. Mjibu kwa sentensi nzima katika lugha unayotumia naye, bila kumsahihisha, mchezo uendelee. Lugha mbili hazisababishi mtoto kuchelewa kusema. Ila akiwa nyuma katika lugha zote, hata ya nyumbani, au hageuki ukimwita, mpeleke apimwe masikio mapema. Mtu asikuambie usubiri kwa sababu eti ana lugha nyingi kichwani.

Na tafadhali, msiiache lugha ya nyumbani ili kuipisha ya shule. Tafiti alizochambua Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya watoto wenye lugha mbili, kuhusu watoto wahamiaji zilionyesha kwamba maongezi ya kawaida katika lugha mpya huja kwa takriban miaka 2, bali lugha ya kusomea masomo huchukua kama miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzao wazawa. Katika miaka hiyo yote mtoto anahitaji lugha ambayo anaweza kuuliza ndani yake "kwa nini" mpaka mwisho. Mzazi anayejilazimisha lugha asiyoimudu hubaki na amri: kaa, kula, acha. Mchezo hauchezeki kwa amri.

Mwalimu atauliza: mimi lugha zao sizijui, nifanyeje? Nami sizijui nyingi. Mzazi nikimwalika darasani simpi somo la kufundisha. Namkalisha kwenye kona ya duka la kuigiza awe muuzaji, na anauza kwa lugha yake tu. Wanunuzi watahangaika, wataonyesha kwa vidole, na kabla hajaondoka watakuwa wameshajua kusema "nipe" na "ghali". Mimi mwenyewe kwa kila lugha inayoingia darasani huanza na maneno ya dharura: choo, maji, panauma wapi, mama anakuja. Naomba mzazi anitamkie, naandika kwa matamshi ninayoweza kuyasoma, nabandika ndani ya mlango wa kabati ili hata mwalimu wa zamu aone. Watoto wananisahihisha matamshi kila siku, tena bila huruma, na wengine huniongezea maneno ambayo sikuyaomba.