Usimwage zege kabla hujajaza hodhi maji

Mkuu, simamisha hilo zege. Unaweka hodhi la kuogea kwenye chumba cha chini ya ardhi, na umeuliza bomba la inchi ngapi, vigae vianzie wapi na koki za maji moto zikae upande gani, lakini kilichonishtua ni ile sentensi uliyoipitia haraka: fundi anaunga bomba la hodhi asubuhi na jioni anamwaga zege la sakafu juu yake, maana "bomba ni jipya, litavujaje?" Maneno hayohayo aliniambia fundi mwenye miaka mingi kazini, na ndiyo yaliyonitindulisha sakafu ambayo ilishawekwa vigae.

Hodhi la chumba cha chini ya ardhi si sawa na la ghorofani. La juu likivuja, dari inaloa na doa unaliona mapema. La huku halina dari chini yake. Maji yanaingia kwenye mchanga ulio chini ya sakafu, yanausomba kidogokidogo, na wewe unaoga huna habari. Kwangu ilitangulia harufu. Kisha hodhi kila likimaliza kutoa maji, tundu linakoroma. Baadaye unyevu ukapanda kwenye ukuta wa chumba cha pili. Fundi akaja, akanusa, akasema ni uchafu wa sabuni, akaniuzia dawa ya kuzibulia!

Tulipotindua, kiungio kimoja bomba lilikuwa limeingia nusu tu kwenye kiwiko, gundi imeshika upande mmoja. Mbele yake bomba limebonyea katikati, kwa sababu lililazwa juu ya vifusi badala ya mchanga ulioshindiliwa, halafu watu wa zege wakalikanyaga. Na trapu, yaani kile kipinda cha bomba kinachobakiza maji ndani, ilifungwa kwa umbo la S, ikishuka moja kwa moja chini bila bomba la kupumulia, lile la kuingiza hewa. Hodhi hutoa maji mengi kwa mkupuo. Yakishuka namna hiyo yanavuta hata yale yanayotakiwa kubaki kwenye trapu kuzuia gesi ya maji machafu. Ndiko kukoroma kule, ndiyo harufu ile. Sabuni haikuhusika hata chembe.

Kiungio na trapu maji yangevifichua siku ileile, mtaro wa bomba ukiwa wazi, na vile vifusi ningeviona kwa macho. Kwa hiyo mtaro wako ubaki wazi. Gundi ikishakauka, ziba bomba karibu na linapoingia kwenye bomba kuu, kwa kizibo cha mpira cha kujaza upepo. Upande wa hodhi simamisha kipande cha bomba kifike kimo cha mtu, jaza maji, weka alama. Dakika 15 ndiyo chini kabisa. Mimi siku hizi siridhiki mpaka yalale usiku kucha. Yakishuka, tafuta yanapotokea. Kisha toa kizibo, weka hodhi lenyewe kwa muda, lijaze mpaka kwenye tundu la juu la kupunguzia maji, uyaachie maji yote kwa pamoja, nawe uwe umepiga magoti mtaroni na tochi, ukipitisha karatasi kavu kwenye kila kiungio. Sikiliza pia. Likikoroma mwishoni, huenda trapu inanyonywa.

Mwulize fundi bomba la kupumulia linaungia wapi. Toka kwenye trapu hadi hapo, bomba lisishuke zaidi ya upana wake lenyewe. Kwa mteremko wa milimita 20 kila mita, bomba la milimita 40 lina mita 2 tu. La 50 linakupa 2.5, na chini ya zege mimi naweka 50 bila kusita, yaani inchi 2.

Hata siku ya kumwaga, trapu isizikwe. Acha uwazi wa kama sentimita 30 kwa 30 kuizunguka, ujaze kokoto ndogo, hodhi litaufunika.

Kama mfuniko wa chemba ya maji machafu ya nje uko juu kuliko sakafu yako, dai na vali ya kuzuia maji kurudi. Bomba kuu likiziba, maji machafu hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote, na hilo huenda likawa la hodhi lako. Vali hiyo nayo hufungwa mtaro ukiwa wazi.

Zege kama limeshaagizwa, ahirisha. Fundi akilalamika kwamba unampotezea siku, mlipe hiyo siku.