Uji Ulioganda Utando

Wiki hii mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili kaniandikia: "Dada, haya ya kumhudumia mgonjwa mwili na roho yanawezekana kweli ukiwa na vitanda thelathini?" Swali limenigusa, maana nami niliwahi kuliuliza, tena kwa hasira.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye hospitali ya misheni, nilimhudumia mzee mmoja katekista, mwalimu wa dini wa Kikatoliki. Kisukari kilimharibu mguu, ukakatwa chini ya goti. Kidonda kisafi, presha nzuri, sukari imeshuka. Lakini asubuhi tatu mfululizo niliukuta uji wake umeganda utando, hajaugusa. Nikaandika kwenye faili: "Mgonjwa hatoi ushirikiano." Maneno yale yananiuma mpaka leo.

Usiku wa nne, nikimfunga bandeji, nikamuuliza, "Baba, Jumapili nani anasalisha kigangoni?" Akageukia ukutani, akalia. Vigango vitatu, yale makanisa madogo ya parokia, alikuwa akivizungukia kwa baiskeli, na hakuna aliyemuuliza atavifikiaje tena. Nikaketi naye dakika kama kumi. Asubuhi msimamizi akanigombeza mbele ya wodi nzima, eti nakuja kazini kupiga soga. Nilinyamaza, na sijasahau. Ila asubuhi hiyohiyo mzee alimaliza uji, akaomba padre amletee komunyo.

Chuoni tulikariri modeli ya uuguzi ya Sista Callista Roy, mtawa Mmarekani aliyeichapisha mara ya kwanza mwaka 1970, inayomtazama mgonjwa kwa pande nne: mwili wake, jinsi anavyojiona, nafasi yake katika jamii, na uhusiano wake na watu wake. Mtihani niliufaulu vizuri sana. Kumbe nilikuwa naujua upande ule wa kwanza tu, mwili.

Kwa hiyo mdogo wangu, uliza. Mikono ikifunga bandeji, mdomo hauna kazi, basi uliza. Muulize kamwacha nani nyumbani, na nani anamwombea. Wala usidhani roho ni ya Wakatoliki peke yao; mama wa Kiislamu akitaka kitanda kielekee kibla, kigeuze, hiyo nayo ni huduma ya Kikatoliki. Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wetu wauguzi, aliugua kidonda cha mguu miaka na miaka, na kwa mguu huohuo akawahudumia wagonjwa. Sisi tunaotembea kwa miguu miwili tutajitetea vipi?

Vitanda thelathini ni vingi, najua. Kesho anza na kile ambacho uji umebaki.