Antena, dishi na hewa ya bahari: maswali yenu wiki hii

Micheweni: Usiku mwengine FM ya hapa kwetu inapotea, pahala pake inaingia stesheni ya Mombasa safi utadhani wako Konde. Nani anachezea mitambo?

Hakuna anaechezea, yakhe, ni hewa tu. FM kawaida inakwenda moja kwa moja, ikifika upeo wa macho inaanza kufifia. Sasa siku za joto upepo umelala, hewa kavu ya moto inajitandaza juu ya ile ya baridi yenye unyevu iliyokaa juu ya bahari, panakuwa kama bomba na mawimbi ya redio yanapita humo mamia ya kilomita. Na FM haina ushirika, stesheni mbili zikikutana masafa mamoja redio inamshika mwenye nguvu na mwengine anazimwa kabisa. Siku moja niko barazani Wete nikasogeza redio upande wa pili wa jamvi tu, anaezungumza akawa mtu mwengine! Subiri asubuhi jua lipande na upepo uvume.

Chake: Mvua ikinyesha king'amuzi kinaganda. Ninunue chengine?

Cha dishi au cha antena? Kila wiki nasema semeni, hamsemi. Kama ni dishi dogo, mvua kubwa inakula mawimbi njiani, kaa unywe chai mpaka ipite. Kama ni antena ya juu ya paa basi usiisingizie mvua, kapande ukaangalie waya. Juzi nimepanda kwa jirani, kaapa ving'amuzi vya siku hizi feki vyote, nikakuta kichwa cha waya kimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari, na pale ulipoungwa umezungushiwa salotepu, maji yamo ndani. Tumekata, tumefunga kichwa kipya, picha imerudi. Zamani chenga zilikuwa zinakuonya mapema, dijitali haikuonyi, picha inang'ara mpaka dakika ya mwisho khalafu inaganda, kwa hiyo ukiona inaganda kwa manyunyu ujue ulikuwa ukingoni siku nyingi.

Na mkipanda huko na bomba la chuma angalieni nyaya za umeme, na wingu likinguruma shukeni.

Nungwi: Busta gani nzuri?

Hili swali la busta mtaniua nalo. Busta inakuza inacholetewa, ukiiletea makelele itakupa makelele makubwa. Waya kwanza.

Makunduchi: Mwezi wa Machi dishi linakata dakika chache, saa ile ile, siku kadhaa mfululizo.

Jua linapita nyuma ya setilaiti. Septemba litarudia. Usiguse kitu, na ukimwita fundi utamlipa kwa kazi ya jua.

Bububu: AM inakwaruza jioni tu, mchana shwari.

Jioni si ndo mnawasha taa? Hizo LED za bei poa na chaja za simu zinamwaga makelele. Zima moja moja utaijua yenye kosa. Ila kama unachosikia ni stesheni za mbali zinaingiliana, hilo jengine, jua likizama ile tabaka ya chini ya anga inayomeza AM mchana inatoweka, na AM za nchi nyengine zinakufikia hadi kitandani.