Alama za MRI Zikishuka Kutoka 16 Hadi 3, Je, Utumbo Umepona?

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu ana ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo. Ripoti ya MRI ya mwaka jana iliipa sehemu ya mwisho ya utumbo wake mwembamba alama 16 za MaRIA, kipimo cha ukali wa Crohn kinachosomwa kwenye picha za MRI. Juzi amepigwa picha tena katika kituo kingine hapa Mombasa, na safari hii ripoti inasema alama 3. Anakula vizuri, tumbo limetulia, naye anataka kuacha sindano za kutibu ugonjwa huo. Tumruhusu?
Mzazi, Kisauni

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nafuu ya binti yako ni jambo la kushukuru, lakini nakusihi asiache dawa kwa sababu ya tarakimu hizo, kwani yaelekea hazikutokana na kipimo kimoja.

Katika MaRIA ya awali, iliyochapishwa na watafiti wa Barcelona mwaka 2009, unene wa ukuta wa utumbo kwa milimita huzidishwa kwa 1.5, kisha asilimia ya mng'ao unaoongezeka ukutani baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya gadolini huzidishwa kwa 0.02; maji yakiwa yamejikusanya ndani ya ukuta huongezwa 5, na vidonda vikionekana huongezwa 10. Kipande cha utumbo kikifika 7, ugonjwa unaendelea. Kikifika 11, ni mkali.

Mwaka 2019 kilitokea kipimo kilichorahisishwa, ambacho hakihitaji hesabu ya mng'ao, na kwa hakika kinawapunguzia kazi wasomaji wa picha. Ukuta unaozidi milimita 3 hupata alama 1, maji ndani ya ukuta 1, mafuta yanayouzunguka utumbo yakiwa yameathirika 1, na vidonda 2. Jumla haiwezi kupita 5, na kuanzia 2 ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Sasa tazama utumbo wenye ukuta wa milimita 6, mng'ao ulioongezeka kwa asilimia 100, maji ukutani na mafuta yaliyoathirika, lakini usio na vidonda. Kwa kipimo cha kwanza unapata 9, 2 na 5, yaani 16; kwa cha pili unapata 3. Utumbo ni uleule, na ugonjwa haujapungua hata kidogo.

Kutulia kwa tumbo nako hakutoshi kuwa ushahidi, kwa maana katika Crohn maumivu huweza kuondoka huku uvimbe ukiendelea kuula ukuta kimyakimya, mpaka njia ya utumbo ikawa nyembamba.

Chukueni sidii ya picha za mwaka jana, mumwombe mtaalamu aliyesoma hizi za sasa azipe alama kwa kipimo kilekile alichotumia. Zikipata zaidi ya hizi 3 za leo, hayo ni maendeleo ya kweli, na yaelekea dawa ndiyo iliyoyaleta. Daktari wake anaweza pia kuagiza kipimo cha kalprotektini, protini inayoonyesha uvimbe wa utumbo, katika choo kabla ya kuamua lolote kuhusu sindano.